Neno Walilomwimbia Baba Yako

Atieno mwanangu,

Barua za zamani zilianza na salamu ndefu na kuulizana hali. Mimi sitakuuliza hali, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza chai yako na nusu ya yangu, ukavaa viatu ukaenda Kawangware kuaga watu wa karakana. Kwa hivyo najua u mzima. Na hiyo ndiyo inanitia hofu. U mzima, kila mfupa uko mahali pake, na kesho unaondoka kwenda kupanda vyuma.

Mambo ya blanketi na mafuta na dawa ya malaria sitayaandika, yako ndani ya begi, utayakuta. Nataka kuandika juu ya neno moja tu. Usicheke mwandiko. Unajua niliachia shule darasa la tano, na tangu hapo kalamu naishika tu kuandika bei kwa kadibodi pale sokoni.

Nimeona ile video.

Rafiki yako Mercy aliniletea simu hapo kibandani kwangu soko la Toi, akidhani nitafurahi. Nilikuwa nakunja suruali za watoto, mteja amesimama anangoja. Nikakuona uko juu ya ule mnara wa tangi la maji nyuma ya karakana. Wenzako wako chini wanagonga mabati na nyundo, wanaimba kukuaga. Nikawasikia vizuri, wanakuita binti wa kwao baba yako: "Thuon! Thuon, nyar Nyakach!" Na wewe ukafungua mshipi wa usalama kiunoni, ukauacha unaning'inia, ukasimama pale ukingoni mikono juu kama mtu amefunga goli. Halafu nikasikia sauti yako, unacheka: "Wueh! Mathe asione hii!"

Mathe ameona.

Mercy akaniuliza, "Auntie, mbona unakaa chini?" Mimi hata sikujua nimekaa chini. Yule mteja akaondoka na suruali yake bila kununua, au labda alilipa, sikumbuki. Tangu hiyo siku nimekuwa nikikuangalia ukila, ukifunga kamba za viatu, na mdomo wangu umekataa kusema. Ndiyo maana naandika sasa, mchana, mvua ikipiga bati, kabla hujarudi.

Wewe umezaliwa hapa Kibera na Kijaluo chako ni cha kuvunjavunja. Hilo neno umelisikia watu wakikuitia, lakini hakuna mtu amekaa chini akakueleza linatoka wapi. Kazi hiyo ilikuwa yangu na sikuifanya.

Kule nyumbani thuon ni mtu jasiri, mtu wa vita. Halikuwa neno la kuokota barabarani. Mzee wa maana akifa, wanaume walikuwa wanatoa ng'ombe, wanashika mikuki na matawi, wanakimbia nao mpaka mpakani kufukuza kifo. Wakirudi bomani na vumbi lao, mmoja anatoka mbele anajitamba: mimi ni mtoto wa fulani, babu yangu alisimama mahali fulani watu wote wakiwa wamekimbia. Hayo matambo yanaitwa sigweya. Bibi yangu alikuwa anayajua mengi ingawa ni ya wanaume. Aliyasikia akiwa ndani ya jikoni lake akayashika. Ndani ya sigweya ndiko thuon lilikuwa linaishi. Na mara nyingi, mwanangu, aliyekuwa anaimbiwa alikuwa amelala, hasikii.

Halafu kuna ile ya furaha, pakruok. Watu wako kwa sherehe, mtu anasimamisha muziki, anajisifu ama anamsifu mwenzake, na aliyesifiwa lazima atoe kitu. Anatoa pesa, ama kuku, ama anawanunulia watu kinywaji. Kusifiwa bure hakuna. Ukisifiwa ukakaa tu, umejiaibisha na umeaibisha ukoo wako.

Hayo mawili yalikuja Nairobi na watu wetu, na yakaingia mjengo.

Baba yako alikuwa fundi wa mawe. Wakati huo mimi nilikuwa nauza githeri langoni mwa mjengo kule Riruta, wewe nikiwa nimekufunga mgongoni. Siku ya kumwaga slabu ilikuwa kama harusi. Watu wanapanga mstari kutoka kwa mchanganyiko mpaka juu, karai zinapita mikononi, na lazima kuwe na mtu wa kuitisha ili kazi isilale, maana saruji haingoji mtu apumzike. Mwenye sauti alikuwa Odongo. Odongo huyo huyo unayemjua wewe kama mzee wa kushona viatu. Siku hizo alikuwa na kifua! Alikuwa anamchukua kila mtu kwa zamu, anamtaja kwao, anamtaja shemeji zake, anataja ziwa na fahali. Watu wanacheka na karai zinaruka.

Sasa, pale mjengo nani alikuwa na kitu cha kutoa? Hakuna. Kwa hivyo walianza kulipa na mwili. Odongo akikusifu, unabeba karai mbili badala ya moja. Akikusifu tena, unapanda ngazi ukikimbia. Mkikuyu, Mluhya, Mkamba, wote walishika hiyo tabia, na foromani aliipenda sana, si unaona slabu inaisha mapema. Hakuna mtu aliona kuna kitu kibaya hapo. Ilikuwa mchezo wetu.

Siku moja, ikiwa slabu ya ghorofa ya tatu, Odongo akafika kwa baba yako, akamwita mwana wa kwao. "Onyango! Thuon! Thuon wuod Nyakach, hata ngazi inakuogopa!" Na mimi pale chini, na sufuria yangu, nikapiga vigelegele. Niliona raha. Mume wangu anasifiwa mbele ya watu, kwani ningefanya nini? Nikapiga tena. Baba yako akaniangalia kutoka juu, akacheka, akachukua karai mbili, na badala ya kupita ndani akapita juu ya ule ubao wa pembeni, bila kushika kitu. Ubao ulikuwa umemwagikiwa na maji ya saruji.

Sitaandika vile alianguka. Uliniuliza ukiwa mdogo, ukaniuliza tena ukiwa mkubwa, na sitaandika.

Hakufa siku hiyo. Wewe unamkumbuka kitandani tu, mgongo umevunjika, miguu haijui kama ni yake. Unakumbuka alikuwa anakutengenezea wanasesere wa waya. Lakini hukumbuki siku Odongo alikuja kumwona, maana ulikuwa umelala. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akajaribu kuleta furaha. "Thuon! Bado uko?"

Baba yako akasema, "Niko, omera. Lakini leo usiniite hivyo. Nataka kwenda choo na nyar Gem hawezi kunibeba peke yake."

Nyar Gem ni mimi, binti wa Gem, unajua. Odongo akacheka, baba yako akacheka, wakabebana huko nje, na waliporudi Odongo akachukua kofia yake akaenda. Jioni nikamuuliza baba yako, kitu ambacho nilikuwa nimeogopa kumuuliza: pale juu, ulikuwa umechoka? Ulikuwa na kizunguzungu? Akasema, "Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na nguvu kuliko siku zote. Nilikuwa nasikiliza wimbo."

Nasikiliza wimbo. Mimi nimelala na hayo maneno kwa kitanda kimoja mpaka leo. Macho yake yalikuwa kwa ubao na miguu iliijua kazi, lakini masikio yalikuwa yamechukuliwa, na vigelegele vyangu vilikuwa ndani ya huo wimbo.

Alipofariki tukampeleka Nyakach. Wazee wakatoa ng'ombe. Mtu mdogo kama yeye, fundi aliyekuwa anapanga chumba Kibera, wakatoa ng'ombe! Nilishangaa. Wakakimbia, wakarudi na vumbi, wakasimama wakatamba sigweya, na kila mmoja alisema Onyango alikuwa thuon, alikufa akipigana na mji. Nilisikia hayo na nikataka kusimama niseme hapana, aliteleza. Lakini mjane anasimama wapi kusema hivyo? Nikakaa na wanawake. Halafu nikaangalia kando, wewe hupo. Nikakuona huko mbele kabisa, kitoto cha gauni jeupe, unakimbia mbele ya ng'ombe na tawi lako, kati ya wanaume. Mabinti hawakimbii huko. Wazee wakaangaliana, halafu Odongo akapaza sauti: "Nyar Onyango! Thuon!" Na watu wote wakaitikia.

Ulirudi kwangu ukiwa umejaa vumbi mpaka kope. Macho yako yalikuwa yanawaka. Nilitakiwa kuogopa siku ile. Badala yake nilikufuta uso na leso nikasema, "Kweli, thuon wangu."

Na nikaendelea. Ukilia kwa sindano ya kliniki: thuon halii. Ukiogopa kupita ule mtaro wakati wa mvua: thuon anaruka. Ukipigana na wavulana kwa bomba la maji, ukirudi na jicho limevimba na mtungi umejaa, nilikupigia makofi. Lilikuwa neno la haraka, Atieno. Mama anayetoka Toi amechoka hana nguvu ya kukaa na mtoto amuulize unaogopa nini. Anatupa hilo neno na mtoto ananyamaza. Mimi nilidhani nimekupa moyo. Siku hizi nafikiri nilikufundisha kunificha ukiwa na hofu, na sasa unaenda mahali ambapo sitaweza hata kuisoma usoni.

Unakumbuka Mama Zainabu, mwenye nyumba? Wiki iliyopita nilipeleka kodi nikamkuta kwa baraza lake anachambua mboga. Nilimwambia unaenda Marsabit kufunga vile vyuma virefu vya kubeba nyaya za stima. Akasema, "Mashallah, msichana shujaa." Nikaanza kuhesabu kodi upya. Akaniangalia. "Kwani nimesema vibaya?" Nikamweleza kidogo, na hilo neno letu. Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Babu yangu alipigania Mwingereza mpaka akabaki na mguu mmoja. Walimwita shujaa, wakampa nishani, wakamwambia kaa hapa Kibera. Aliomba karatasi ya shamba mpaka akafa. Nishani tunayo. Karatasi hatujaiona hadi leo. Mwenzangu, mtu akikuita shujaa, mwangalie mikono, amekubebea nini."

Nilitembea kurudi nikiwaza vile nimelisikia hilo neno hapa mjini. Wakati wa uchaguzi, vijana walikuwa wanaitwa thuondi na watu waliokuja na gari kubwa, wakaambiwa mkae mbele. Waliowaambia walikaa nyuma, kwa gari, vioo vimefungwa. Kwa matanga tunaimba, na wimbo ukiisha mjane anabaki na vyombo vya kuosha. Hata mume anayempiga mkewe anajiita thuon akilewa. Na bado likitamkwa vizuri, na mtu mwenye sauti, nywele zangu za mkono zinasimama. Sikudanganyi. Ni neno tamu. Kama lingekuwa chungu nisingekuwa na hofu hii.

Na hatari yako naiona imezidi ile ya baba yako, kwa vile wewe ni msichana. Yeye akikataa kupita ubao wa pembeni wangemcheka mpaka jioni, basi. Wewe ukijifunga mshipi wakati wengine hawajajifunga, kuna mtu atasema, "Ona, tuliwaambia wanawake hawawezi." Uliniambia mwenyewe vile yule mwalimu wa karakana alikuuliza mbele ya watu kama utapanda na sketi. Ukapanda kabla ya wavulana wote. Nilijivuna mwezi mzima, kila mteja wa Toi alisikia. Lakini najua ulivyopanda. Ulipanda ukisikiliza.

Jana Odongo alikuja kibandani. Amezeeka, mwanangu, mgongo umepinda kama yeye ndiye aliyeanguka. Akasimama hapo kati ya sweta za watoto.

"Nyar Gem, keshokutwa nakuja kumtoa mtoto wetu. Nimemtengenezea sigweya."

"Kuja. Lakini lile neno uliache kwako."

"Neno gani?"

"Odongo, unalijua."

Akashika sweta moja, akaivuta mikono kama anapima mtoto ambaye hayupo. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Wewe unafikiri mimi siisikii ile sauti yangu? Tangu ile siku sijaitisha slabu tena. Waliniomba, foromani akaniongezea, nikakataa. Nikaenda kujifunza kushona viatu. Watu wakasema Odongo amekuwa mvivu."

Sikujua. Miaka yote hii nilidhani aliacha mjengo kwa sababu ya ugonjwa wa kifua. Nilikuwa namsalimia kwa nusu mdomo, na yeye anakushonea viatu vya shule bila kuitisha kitu, na mimi nasema moyoni, anajua anacholipa. Niliona aibu. Lakini sikulegea.

Nikamuuliza, "Na kwa karakana, nani aliwafundisha wale watoto kuimba vile?"

"Si mimi. Haliniulizi tena, nyar Gem. Lilishatoka kinywani mwangu, sasa linatembea lenyewe."

Mtu akaja akauliza bei ya kofia, nikamwambia, akaenda. Halafu Odongo akasema, taratibu, "Sasa siku hiyo nitaimba nini? Siwezi kumtoa mtoto wa Onyango kama mtu anayepeleka gunia."

Ndipo nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria, kilitoka tu: "Usimwimbie akipanda. Mwimbie akishuka."

"Atashuka lini?"

"Kila jioni."

Akarudisha sweta mahali pake, akaondoka bila kuniambia kama amekubali. Kwa hivyo sijui kesho atafanya nini pale gari likiwaka. Wanawake wa chama chetu cha akiba pia wanakuja, na unawajua, hawana breki. Wakikuita hivyo, usinitafute kwa macho. Sitapiga vigelegele. Watu watasema Min Atieno ana wivu na mtoto wake, waache waseme. Nitakuwa nimesimama karibu na gurudumu, mdomo umefungwa, na wewe utajua kwa nini.

Sikuambii usiwe jasiri. Ningekuambia hivyo ningekuambia ubaki hapa ukunje suruali na mimi, na hiyo nimeitamani, usidhani sijaitamani. Usiku naota vile vyuma. Sijawahi kuviona lakini naota, virefu, na upepo, na wewe mdogo kama shanga. Naamka nainuka kuangalia kama umelala. Lakini kazi umeisomea na mikono yako inaijua, na mama hawezi kufunga mtoto mgongoni milele.

Nakuomba tu mambo ya huo wimbo. Kule utapata watu wetu, wako kila mahali penye chuma na saruji, na jioni ya kwanza watakuuliza wewe ni nyar wapi. Asubuhi wataimba, na itakuwa tamu. Usijifanye husikii, hakuna anayeweza. Wajibu kwa mdomo. Jitambe hata wewe, una mdomo kuliko mimi, wataje babu zako wote na fahali zao, wacheke. Lakini mkono wako ukiwa umeshika ndoano ya mshipi. Na deni la pakruok usilipie juu. Lipia chini. Wanunulie soda wote, wanunulie na mandazi, hakuna atakayesema umeaibisha Nyakach. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yenyewe, mwanangu, kabla sisi maskini wa mjengo hatujaigeuza: mtu alilipa na kuku. Sisi ndio tulianza kulipa na mgongo.

Na ukiogopa, nipigie uniambie naogopa. Sitakuambia neno lolote la kukunyamazisha. Nitanyamaza mimi. Sijazoea, lakini nitajifunza.

Nasikia sauti yako kwa plot, hapo uani, unamsalimia mtu, unacheka kile kicheko cha kwenye video. Wacha nimalize.

Usinipigie ukiwa juu kunionyesha milima, sitashika simu. Nipigie jioni ukishuka, viatu vikiwa kwa mchanga na mshipi uko mkononi. Hata kama huna la kusema, hata kama umechoka, piga tu nikusikie ukipumua. Nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa naoga, nitashika.

Mama yako.